Picha Isiyo na Watu

Dar es Salaam
4 Machi 1951

Kwa Baba Mdogo Anaeli Sumari,

Shikamoo, baba mdogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo Marta na wote wa nyumbani. Mimi na Pudensiana hatujambo, ila joto la huku limetutoa vipele. Mtoto wetu Anande ameota jino la pili na anang'ata kila kitu isipokuwa chakula. Mwambie mama yangu gauni alilomshonea limemkaa vizuri. Mguu wake unaendeleaje? Na yule ndama mwenye madoa amekua?

Jana nilikumbuka darasa la pili, siku ile ulipotufundisha Waingereza wanavyoiita picha. Ulichora ng'ombe ubaoni, Sakaya akasema, "Mwalimu, huyo si mbuzi?" Ulicheka mpaka chaki ikakuponyoka. Kisha ukasema, "Picha ni kitu kinachokuonyesha kilichokuwepo. Kama hakikuwepo, hiyo si picha, ni uongo wa mwalimu." Sijalisahau neno hilo.

Nakukumbusha kwa sababu nina swali. Je, aliwahi kufika kwetu Mzungu mwenye kamera, mwaka juzi au karibu na hapo? Na jingine dogo: ile kofia ya pama niliyokuletea likizoni, niliyoikalia kwenye gari moshi ikapinda ukingo, bado unaivaa?

Mimi mwanao,
Elirehema


Momela
11 Aprili 1951

Mwanangu Elirehema,

Marahaba, marahaba sana. Barua imenikuta salama, pamoja na tumbo langu, ambalo siku hizi linanitangulia kila mahali. Watoto wa shule wakiliona mlangoni hunyamaza, mimi nafika baadaye kuanza somo.

Marta hajambo, anakusalimu. Mama yako Eunike hajambo pia. Mguu humsumbua mvua zikianza, lakini bado ananishinda kulima, jambo ambalo si sifa kubwa sana. Ndama amekuwa mtamba, ana mimba, na ana maringo ya mke wa mchungaji. Mwambie Pudensiana kwamba sisi Walutheri wa Meru hatuna kinyongo na Wakatoliki wa Kilimanjaro. Tunachotaka ni wakiri tu kwamba mlima wao huonekana vizuri zaidi mtu akiwa kwetu.

Kuhusu Mzungu, nasikia alipita mmoja, mwezi wa pili mwaka juzi. Watu walimwita Bwana Miwani. Mimi siku ile nilikuwa Ngaramtoni, nilikwenda kutafuta mbuzi. Na pama, masikini, imeliwa na panya. Walianza na ukingo, wakaona mtamu, wakaendelea. Nilisikitika kuliko walivyoshiba.

Huku kuna maneno kwamba sisi wa chini tutahamishwa, ardhi wapewe Wazungu wenye ng'ombe wa maziwa. Mimi nawaambia watu kwamba maneno ya sokoni yaachwe sokoni.

Baba yako mdogo,
Anaeli


Dar es Salaam
6 Mei 1951

Baba mdogo, shikamoo.

Hatujambo. Anande sasa ana meno manne. Pudensiana anasema mlima wao hauna haja ya kukiriwa na mtu, lakini alicheka.

Maneno ya kuhamishwa si ya sokoni. Unajua kazi yangu ofisini ni kupanga majalada. Nafungua, naandika namba, nafunga. Sisomi, maana ningeyasoma yote ningezeeka kabla ya likizo. Lakini mwezi wa pili kilipita mikononi mwangu kitabu cha taarifa, na ndani yake kuna picha ya kwetu. Niliitambua papo hapo: maziwa ya Momela kwa mbali, Kilimanjaro juu yake, na ule mgunga uliopigwa na radi, ambao baba alikuwa akifungia ndama. Hakuna mtu. Hakuna ng'ombe. Hakuna hata kuku. Mbele ni udongo mtupu, laini, kana kwamba tangu dunia iumbwe haujakanyagwa na mtu. Chini ya picha wameandika kwamba ardhi hii haikaliwi wala haitumiki.

Nilikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa. Mama yuko pale. Kaburi la baba liko pale. Mimi nilizaliwa hatua thelathini kutoka kwenye mgunga ule.

Shauri litaamuliwa tarehe 20 Julai. Karani mkubwa, Mgoa mmoja mwenye utu, ameniambia kwamba kuna njia moja tu. Mtu aliyekuwepo siku picha ilipopigwa aandike kwa mkono wake, ataje waliokuwa wakikaa pale, aeleze kwa nini hawaonekani. Barua hiyo itaingia kwenye jalada, na wakubwa watalazimika kuisoma pamoja na picha. Hawezi kuwa mtu aliyesimuliwa. Awe ameona kwa macho yake.

Wewe umesema hukuwepo. Basi alikuwepo nani? Na samahani, baba mdogo, kilichokupeleka Ngaramtoni ni nini wakati Usa ni karibu, na mbuzi wa Usa nao wana miguu minne?

Ningemwandikia mama mwenyewe, lakini yeye hasomi, na anayemsomea barua ni wewe.

Mwanao,
Elirehema


Momela
17 Juni 1951

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, kahawa ya shemeji zetu kule juu imebeba vizuri, na kwaya imenikabidhi sauti ya nne baada ya kunijaribu katika zile nyingine tatu.

Utasema nimechelewa, nami sitabisha. Nilianza kukujibu mara tatu. Mara ya kwanza wino uliisha. Mara ya pili mbuzi wa jirani yetu Lesikar aliila karatasi. Mara ya tatu nilimaliza ukurasa mzima, nikausoma, nikauona una salamu tu.

Nimekuulizia. Lesikar alikuwepo siku ile lakini hajui kuandika, na mkewe Namnyaki vilevile. Sisi wengine, nadhani, tumwachie Mungu. Ujue pia kwamba mimi ni mwalimu, jina langu limo kwenye orodha, na mwalimu akiandika kuwapinga wakubwa, orodha hupungua. Nina umri wa miaka hamsini na moja. Kazi nyingine ninayoijua ni kula.

Mama yako aliniuliza umeandika nini. Nilimsomea salamu, na habari ya meno.

Baba yako mdogo,
Anaeli


Dar es Salaam
4 Julai 1951

Baba mdogo,

Shikamoo. Hatujambo.

Nilisema katika picha ile hakuna mtu. Ni kweli, ila mbele kabisa, juu ya udongo uliofagiwa, kuna vivuli viwili. Kimoja ni cha mtu aliyeinamia sanduku lenye miguu mitatu. Cha pili kiko kando yake, cha mtu mnene, amevaa pama. Pama imepinda upande wa kushoto. Niliikalia mimi mwenyewe, kutoka Korogwe mpaka Moshi. Naijua.

Niliijua tangu kabla ya barua yangu ya Machi. Nilitaka useme mwenyewe.

Sijamwonyesha mtu. Sikuulizi kwa nini ulisema Ngaramtoni. Andika tu ulichokiona, utie jina. Posta huchukua siku saba. Ukijibu siku utakayoipata hii, nitawahi.

Elirehema


Momela
2 Agosti 1951

Mwanangu Elirehema,

Hatujambo. Leo sina mzaha, na ukiuona humu ni mazoea, usiuhesabu.

Barua yako ya tarehe nne ilinifikia tarehe kumi na moja. Siku nilikuwa nazo. Nilikaa nazo.

Nilikuwepo. Bwana Miwani alifika saa nane mchana akasema anaomba kupiga picha ya nchi. Kijiji kizima mimi ndiye niliyejua Kiingereza, au ndiye niliyesema najua, basi nikaitwa. Mama yako na Namnyaki walikuwa wanalima mbele pale, chini ya mgunga, wamejifunga vitambaa vya kazi, matope mpaka magotini. Watoto walikuwa watano, na suruali zilikuwa mbili. Ng'ombe walikuwa wamejaa uwanjani. Unazikumbuka picha zilizo ukutani pale misheni: watu wote wana mavazi meupe, wamesimama mstari, hakuna anayejikuna. Mimi nilidhani picha ni hiyo. Nilitazama watu wangu nikaona aibu.

Nikawaambia, "Mtapigwa picha hivyo hivyo? Iende Ulaya na matope hayo? Nendeni mtoni mkaoge, mvae nguo za Jumapili, mpake mafuta."

Mama yako akasema, "Anaeli, mtu huyu atangoja?"

"Mzungu aliyekuja kwa picha hungoja."

Namnyaki akasema, "Basi mwalimu, mwambie apige tumbo lako kwanza. Mpaka alimalize, sisi tutakuwa tumerudi."

Wakaenda wakicheka. Nilimwambia Lesikar apeleke ng'ombe nyuma ya kilima wasije wakatuchafulia uwanja. Kisha nikashika ufagio. Mimi, ambaye Marta hajaniona na ufagio tangu atoke kwao. Nilifagia mpaka nyayo zote zikaisha. Nikaondoa kinu, nikaanua nguo, nikaondoa kigoda cha marehemu kaka kilichokuwa mlangoni.

Mpaka hapo ningeweza kuandika mwezi wa tano. Kufagia si dhambi. Kilichonishika mkono ni hiki.

Bwana aliweka kamera yake ikiitazama nyumba ya mama yako. Nyumba ile, unaijua, paa lake lilikuwa limelegea upande wa mvua. Nilipomzika kaka nilisimama mbele ya watu nikaahidi kulitengeneza paa la mjane wake. Ilikuwa imepita miaka sita. Majani yalikuwa yananing'inia kama nywele za mgonjwa. Niliona kwamba Ulaya nzima italiona paa lile na kuuliza shemeji wa mama huyu ni nani. Nikasema, "Hapana, Bwana, huku, huku ndiko kuzuri," nikamshika bega, nikamgeuza. Kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Akaona maziwa, akaona Kilimanjaro haina wingu. Akafurahi sana. Akapiga mara moja, akafunga sanduku, akanipa kopo la biskuti, gari likaondoka. Hakungoja hata robo saa.

Walirudi wanang'aa. Mama yako amevaa gauni lake la Pasaka, watoto wamepakwa mafuta hata nzi hakai. Walijipanga mbele ya nyumba bila kuambiwa, wafupi mbele. Nikawaambia amekwenda kuchukua kitu, anarudi. Walisimama mpaka jua likaingia nyuma ya Meru. Nikawaambia basi ni Jumamosi. Jumamosi walioga tena.

Biskuti nilizila peke yangu, zote.

Mama yako hajui kwamba nilimgeuza Mzungu. Watu wote hapa wanaamini Bwana Miwani aliwahadaa, wanamlaani kwa jina lake, nami huitikia. Ningeandika ile barua uliyoitaka, ingesomwa hadharani na majina yote. Nilipima paa na ardhi, mwanangu, nikaona paa zito zaidi. Hivyo ndivyo nilivyo.

Sasa nimeandika. Kama bado inafaa kitu, itumie. Jina langu ni Anaeli Sumari, mwalimu. Waliokuwa wakikaa pale ni Eunike mjane wa kaka yangu, Lesikar, Namnyaki, watoto watano, na ng'ombe thelathini na wawili. Tarehe naijua. Kalenda ni moja ya masomo yangu.

Anaeli


Dar es Salaam
30 Agosti 1951

Baba mdogo,

Shikamoo.

Shauri lilikwisha tarehe 20, kama nilivyokuandikia. Mtapata amri ya kuhama kabla ya mvua za vuli kumalizika. Barua yako ilifika tarehe tisa Agosti. Nilimwonyesha karani Mgoa. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema ingesaidia. Sijui kama alisema hivyo kunifariji au kuniumiza. Niliiandikia namba, nikaitia kwenye jalada, nikafunga. Ndiyo kazi yangu.

Nimepata nakala ya picha. Naiweka humu, pamoja na barua ulizoniandikia na nakala ya ile iliyo jaladani. Si yako, ni ya mama. Msomee barua zote, kuanzia ya Machi, zangu na majibu yako. Usiruke kitu. Nitajua.

Anande ameanza kutembea.

Elirehema


Akeri
9 Desemba 1951

Mwanangu Elirehema,

Marahaba. Naandika kutoka kwa shemeji zangu huku juu, kwenye migomba. Tumepewa vyumba viwili na maneno mengi ya upole. Marta anakohoa kidogo kwa baridi. Shule ya kule chini imefungwa, kwa hiyo sina darasa, na kumbe hofu yangu ya orodha ilikuwa hofu ya bure. Orodha yenyewe imehama.

Tulihamishwa mwezi uliopita, kwa malori. Mama yako hakulia. Alichimba masale, mimea yetu ya kuombea radhi, yaliyokuwa juu ya kaburi la baba yako, akayafunga kwenye gunia na udongo wake, akalikalia gunia njia nzima. Paa lilichomwa pamoja na nyumba. Nilisimama nikilitazama likiwaka. Hilo nililoshindwa kulitengeneza miaka minane lilikwisha kabla sijamaliza kukohoa.

Uliniamuru nimsomee. Nilichukua miezi mitatu, unaweza kuniongezea hiyo juu ya mengine. Jana nilikata jani la isale, kama ifanywavyo kwetu mtu anapomkosea mwenzake, nikaenda nalo na barua zote. Alikuwa mezani anachambua maharage. Nilisoma kuanzia ya Machi. Sikuruka. Nilipofika kwenye pama aliinua kichwa, kisha akaendelea kuchambua. Nilipofika kwenye paa aliacha kuchambua.

Nilipomaliza nilimpa jani kwa mikono miwili. Unajua jani hilo halikataliwi. Akalipokea, akaliweka kando. Akasema, "Lete picha."

Aliiweka katikati ya meza akaitazama muda mrefu. Mwanangu, katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kushika picha ya kwake. Kisha akachukua harage moja akaliweka mezani, nje ya picha, upande wa kulia. "Hapa ni mimi, natoka mtoni." Akaweka jingine. "Namnyaki." Akaweka matano madogo, wafupi mbele. Nyuma ya kilima, ambacho ni ukingo wa sahani, akamimina maharage meusi, akamwambia Marta ahesabu mpaka thelathini na mawili. Lesikar akamweka pamoja na ng'ombe. Nyumba akaiweka chini ya picha, upande aliokuwa akiutazama Bwana Miwani kabla sijamgusa bega. Ilikuwa kifuniko cha chungu. Nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la baba yako, akalaza jani nililompa.

Meza ilijaa. Picha ilikuwa sehemu ndogo kabisa, kama kidirisha chenye vivuli viwili.

Leo baada ya ibada watu wa kule chini walikuja kuona. Namnyaki alilisogeza harage lake, akasema hakuwa amesimama pale, alikuwa bado anafunga kitambaa. Hakuna aliyenitazama vibaya. Walinipisha nipite, wakaninyamazia kama mgeni. Watu hawa wamenitania miaka hamsini, na leo hakuna aliyetaja hata tumbo langu.

Walipoondoka nilibaki mlangoni. Nilimwuliza, "Na mimi, shemeji, utaniweka wapi?"

Hakugeuka. Alikuwa anayaokota maharage moja moja, akiyarudisha kwenye ungo, maana ndiyo chakula cha jioni.

"Wewe," akasema, "umo ndani tayari."

Anaeli Sumari